Gari la umeme la mtumba: nunua betri kwanza, bodi baadaye

Ukinunua gari la petroli lililotumika unaangalia mwaka, kilomita na moshi. Kwenye gari la umeme hayo yote yanasubiri nyuma ya swali moja: betri imebakiwa na uniti ngapi? Nissan Leaf mbili za mwaka mmoja na rangi moja, zimepaki bega kwa bega yadi, zinaweza kupishana thamani mbali kabisa, na ile ya bei ya juu ikawa ndiyo rahisi.

Tunazungumzia magari ya usukani wa kulia yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam kutoka Japani na Uingereza. Mengi ni Leaf, kwa hiyo Leaf ndiyo itakayotawala maelezo haya.

Bei inaporomokea wapi

Ukubwa wa betri hupimwa kwa kWh, na kWh 1 ni ile ile uniti 1 unayoinunua LUKU au kwa tokeni za KPLC. Leaf ilianza 2010 na betri ya kWh 24. Mwisho wa 2015 ikaja ya 30, mwisho wa 2017 ya 40, na 2019 ya 62. Kila mpya ilipotoka, ya nyuma yake ilizeeka siku hiyo hiyo bila hata kutembea. Ongeza kwamba serikali za huko ziliwapa wanunuzi wa kwanza ruzuku, hivyo mtumba unaanza kushuka kutoka bei waliyolipa kweli, si ile iliyokuwa kwenye tangazo. Kisha kuna plagi: Leaf zote hizi huchaji haraka kwa CHAdeMO, mfumo ambao Nissan wenyewe wameuacha kwenye magari yao mapya ya Ulaya na kuhamia CCS, mfumo mwingine wa kuchaji haraka.

Kwako mnunuzi wa pili hiyo ni nafuu, maana mwenzako kule ameshabeba hasara kubwa. Ila kuna poromoko la pili linalokusubiri wewe. Gari linaloenda km 90 kwa chaji lina mnunuzi. Likishuka hadi km 70, mtu wa Kibaha anayekwenda Posta na kurudi, karibu km 80, hana kazi nalo tena, na wa Thika anayeshinda Nairobi vivyo hivyo. Hapo bei haiteremki ngazi kwa ngazi, inadondoka, na sakafu yake ni thamani ya betri kwa mafundi wa sola. (Sakafu hiyo ipo kweli: moduli za Leaf zilizochoka kwa gari bado zinawasha taa na friji vizuri.)

Hesabu ya kujua uko wapi ni fupi. Chukua kWh za betri ilipokuwa mpya, zidisha kwa asilimia ya afya iliyobaki, zidisha kwa 0.9 kwa sababu hutatumia mpaka tone la mwisho, halafu zidisha kwa km 6 kwa kila uniti, ambacho ni kiwango cha mtu anayewasha kiyoyozi na kukaa foleni.

Leaf ya kWh 24 yenye afya ya asilimia 70: 24 × 0.7 × 0.9 × 6 = km 91.
Leaf ya kWh 40 yenye asilimia 88: 40 × 0.88 × 0.9 × 6 = km 190.

Sasa gawa bei kwa uniti zilizobaki. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, ya kwanza inauzwa shilingi za Tanzania milioni 18 na ya pili milioni 33. Ya kwanza ina uniti 16.8, kila moja umeinunua kwa milioni 1.07. Ya pili ina 35.2, kila moja milioni 0.94. Ile ya milioni 18 ndiyo ghali, na bado iko karibu zaidi na ukingo wa poromoko.

Usidanganywe na umbali ulioandikwa kwenye matangazo ya Japani. Kipimo chao cha zamani, JC08, kiliipa Leaf ya kWh 40 km 400. Kipimo cha Marekani kiliipa gari hilo hilo takriban km 240. Namba yoyote ya JC08 izidishe kwa 0.6, na hapo bado unazungumzia gari jipya.

Mpangilio wetu

Nafasi ya kwanza: Leaf ya kWh 40, ambayo alama ya bodi yake ni ZE1, iliyotoka Oktoba 2017 kuendelea. Betri inatosha kuzeeka miaka kadhaa kabla haijakugusa, vipuri vinaanza kuzoeleka, na mafundi wanaoijua wapo. Kwa Kenya, isiyoruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, ndiyo Leaf ya kuagiza, mradi mwaka wake uwe ndani ya ukomo huo. Ubaya wake ni kwamba betri haina mfumo wa kuipoza kwa maji wala feni. Ukichaji haraka mara mbili ndani ya safari moja, ya pili gari lenyewe linapunguza kasi ya chaji kwa sababu ya joto. Safari za mjini hutaliona hilo. Dar–Arusha utaliona.

Ya pili ni Hyundai Kona ya kWh 64 kutoka Uingereza. Kwa betri peke yake ingekaa juu, maana inapozwa kwa maji, ndicho kitu ambacho joto la Pwani linadai. Tumeiweka ya pili kwa bei na uhaba wa vipuri. Magari ya 2018 hadi 2020 yaliguswa na wito wa kurudisha betri wa 2021 kutokana na hatari ya moto, kwa hiyo mwombe muuzaji uthibitisho kwa namba ya chesi kwamba gari lako halikuhusika au lilishashughulikiwa. Asiye na karatasi, mwache.

Ya tatu, Leaf ya kWh 30. Programu ya kompyuta ya betri yake ilikuwa na kasoro ya kuonyesha afya chini ya ukweli, na Nissan walitoa marekebisho 2018. Ambayo haijarekebishwa inaweza kusomeka vibaya kuliko ilivyo, na hapo mwenye kujua kupima anaokota bei nzuri.

Ya nne, kwa biashara tu, ni kibebea mizigo Nissan e-NV200. Betri yake, tofauti na ya Leaf, hupozwa kwa hewa ya kiyoyozi wakati wa kuchaji. Anayesambaza mikate au maji kwa njia ile ile kila siku, hili lingekuwa la kwanza kwake.

BMW i3 ni gari zuri ambalo hatulipendekezi kwa wengi. Betri inapozwa na bodi haishiki kutu, lakini tairi zake ni 155/70 R19 mbele na kwa matoleo mengi 175/60 R19 nyuma. Nenda kwanza duka la tairi la mtaani kwako uulizie saizi hiyo, kisha urudi tuzungumze.

Mwisho, Leaf ya kWh 24, na hapo iwe ya 2013 hadi 2015, kwa anayetembea chini ya km 50 kwa siku. Zile za 2010 hadi 2012 ziache. Kemia ya betri zake za awali haikustahimili joto. Wenye nazo Arizona, jimbo la joto kali Marekani, waliona afya ya betri ikishuka mapema, na Nissan wakabadilisha mchanganyiko baadaye. Mitsubishi i-MiEV ya kWh 16, na hasa ile ya 10.5, ni gari la kwenda sokoni.

Kupima betri, hatua kwa hatua

Washa gari. Kando ya kipimo cha chaji cha Leaf kuna vipande vidogo 12. Hivyo si chaji, ni afya ya betri. Kipande cha kwanza hupotea afya ikishuka karibu asilimia 85, na kila kinachofuata ni takriban asilimia 6. Maana yake "vipande 12 vyote" ni betri ya asilimia 99 au ya 86, na muuzaji hatakutofautishia. Vipande 9 ni kati ya asilimia 66 na 72. Wajapani huviita segu, na kwenye matangazo na karatasi za mnada mara nyingi idadi yake imeandikwa.

Usiishie hapo, kwa sababu vipande vinaweza kurudishwa. Mtu mwenye kifaa cha gharama ndogo anafuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, vyote 12 vinawaka, na baada ya wiki kadhaa za kuendesha vinaanza kudondoka kimoja kimoja mikononi mwako. Dawa ni programu ya simu iitwayo LeafSpy na kidude cha OBD2 cha Bluetooth cha kusoma kompyuta ya gari, kinachochomekwa chini ya dashibodi upande wa dereva. Soma mambo matatu.

AHr kwanza, yaani kiasi cha umeme ambacho betri inaweza kubeba sasa. Betri mpya ya kWh 24 husoma karibu 66, ya 30 karibu 82, ya 40 karibu 115, ya 62 karibu 176. Pili Hx, inayoonyesha jinsi umeme unavyopita ndani. SOH, ile asilimia ya afya, ikiwa 98 wakati Hx iko 60, kuna mtu amepita hapo kabla yako. Tatu, grafu ya jozi 96 za seli. Hii isome chaji ikiwa chini ya asilimia 25 huku mwenzako anakanyaga mafuta, kama bado tunavyosema. Betri ikijaa seli zote hufanana, hata mgonjwa. Tofauti ya millivolti 10 hadi 30 ni ya kawaida. Ikipita 100, na ni kijiti kile kile kinachozama kila mara, kuna seli dhaifu, na gari litazima likiwa bado linakuonyesha asilimia 15.

Ushahidi usiofutika ni barabara. Anza chaji ikiwa imejaa, endesha km 40 za mjini, kisha angalia asilimia ngapi zimeliwa. Kwenye ya kWh 40 yenye afya zisizidi 20 hivi. Zikienda 30, umejibiwa.

Unapoagiza Japani, mwambie wakala akutumie picha ya LeafSpy ikionyesha na namba ya chesi. Wakala asiyejua LeafSpy ni nini anauza magari, ila haya bado.

Mengine yanayokula pesa

Pandisha gari juu. Betri iko chini ya sakafu, kwa hiyo matuta yetu yasiyo na rangi yanaikwangua yenyewe. Mikwaruzo si tatizo. Bati lililobonyea ndani ni tatizo. Gari la Uingereza au Hokkaido limekanyaga chumvi ya barafuni, angalia kutu kwenye bolti na mikono ya chini.

Gari likikataa kuwaka na dashibodi inapepesa taa kama mti wa Krismasi, usikubali kuambiwa betri kubwa imekufa. Mara nyingi ni ile ndogo ya volti 12, saizi ya NS60, inayouzwa duka lolote la betri. Wapo waliouza gari kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu hiyo tu.

Kiyoyozi kisijazwe na fundi wa kawaida bila kumuuliza. Kompresa hii huendeshwa na umeme mkubwa na hutumia oili ya POE. Akiweka ya PAG, ile ya magari ya petroli, oili inapitisha umeme, gari linagundua uvujaji na linagoma kabisa kuondoka. Uliza pia gari liliwahi kujazwa gesi wapi.

Kebo ya kuchajia inayokuja na gari la Japani isome kwanza. Iliyoandikwa 100V ukiichomeka kwenye 240V umeiua. Nunua ya volti 220–250 yenye plagi ya Type 1 kwa magari ya Japani. Kwa ya Uingereza, Kona na Leaf ya kWh 40 ni Type 2, Leaf za zamani ni Type 1. Soketi ya ukutani ya 13A haikutengenezwa kubeba mzigo kamili saa 10 mfululizo, huyeyuka polepole kuanzia kwenye skrubu zilizolegea. Ama shusha kebo hadi 10A, ama mwambie fundi avute laini ya peke yake: waya wa mm² 4, bureka ya 20A, kinga ya uvujaji, na nondo ya ardhini iliyopimwa kweli, kwa sababu kebo nyingi hukataa kuchaji bila arthi. Kwa 10A, betri ya kWh 40 kutoka asilimia 20 hadi 100 itachukua saa 14 au zaidi. Hutahitaji hivyo kila siku. Km 50 zinarudi kwa saa 4.

Nairobi na Arusha, kwa ubaridi wao, betri itakaa zaidi kuliko Mombasa na Dar. Kwa wa Pwani: paki kivulini, usiache chaji imejaa siku nzima juani, na chaji alfajiri badala ya mara tu unaporudi betri ikiwa ya moto. Gari likikataa kuchaji usiku bila sababu, angalia kama mwenye nalo wa kwanza aliacha saa ya kuchaji imewekwa, kwa Kijapani, ndani ya skrini.

Ushuru upige mwenyewe kabla ya kulipa. Tanzania gari lililozidi miaka 8 hutozwa zaidi kwa uzee wake, na kikokotoo cha TRA kiko mtandaoni. Kenya ilipunguza ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka 2019, na KPLC wana tarifa yao maalumu tangu 2023.

Kwenye mkataba wa mauziano andikeni AHr na SOH pamoja na kilomita, tarehe na sahihi, na muuzaji akubali kipimo kirudiwe baada ya wiki nne. Aliyefuta kompyuta ya betri ataanza kupunguza bei hapo hapo.