IL-2 Sturmovik: 1946, gemu la ndege lililonifundisha kusikiliza injini

Habari zenu, ndugu zangu, karibuni. Kabla sijasema lolote, naomba mtege sikio. Napandisha sauti kidogo.

Mmesikia? Inakohoa mara mbili, inatoa moshi, halafu inashika. Hiyo ni injini ya Il-2, ndege ya Kirusi ya kushambulia vifaru wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na gemu lenyewe limebeba jina lake: IL-2 Sturmovik. Lilitoka Novemba 2001. Lilitengenezwa Moscow na 1C:Maddox Games, timu ya Oleg Maddox, na kuuzwa na Ubisoft. Miaka mitano baadaye, 2006, matoleo yote yalikusanywa pamoja yakaitwa 1946. Hilo ndilo ninalolichambua leo, kwa sababu ndilo mtakalolipata mkilitafuta.

Niwaambie lilivyonifikia. Nilikuwa kidato cha pili, kaka yangu akarudi likizo na kompyuta, Pentium 4, akaiweka sebuleni juu ya meza ya kulia. Ndani yake kulikuwa na hili gemu. Magemu ya ndege niliyokuwa nimecheza kabla ya hapo yalikuwa mepesi: unashika mshale wa juu, unabonyeza risasi, adui analipuka. Hapa nilijaribu kuruka, ndege ikapinda kushoto ikaingia kwenye majani, bawa likavunjika. Nikarudia. Ikapinda tena. Kaka akacheka akaniambia, "Mdogo wangu, hiyo ni ndege, siyo pikipiki. Kanyaga kulia."

Tazameni hapa kwenye skrini, niwaonyeshe alichomaanisha. Hii ni Bf 109, ndege ya kivita ya Wajerumani. Magurudumu yake yamekaribiana sana, na injini ina nguvu nyingi. Nikiongeza mafuta kwa pupa, mzunguko wa propela unaivuta pua kwenda kushoto. Kwa hiyo naanza kwa kufunga gurudumu la nyuma lisizunguke hovyo. Naongeza mafuta polepole, naisikiliza, nakanyaga usukani wa mkia kulia kidogo, kidogo tena… mkia unanyanyuka… na hapo ndipo inaondoka ardhini. Gemu la 2001 linakuwekea yote hayo, ndugu zangu. Marubani wa kweli wa Kijerumani waliumia kwa ndege hii wakiruka na kutua, nje ya vita kabisa, na nyie mnakutana na shida ileile mkiwa mezani kwenu.

Na jambo ninalolipenda kuliko yote ni joto la injini. Ukiisukuma injini hadi mwisho, baada ya muda maandishi yanatokea: injini imepata joto kupita kiasi. Una uamuzi wa kufanya. Ukifungua rejeta, hewa inaingia na injini inapoa, lakini rejeta iliyo wazi inashika upepo na mwendo unapungua. Ukiifunga, unapata kasi, ila injini inachemka hadi inakufa. Sasa weka adui mgongoni. Anakufuata, mita mia tatu, una kilometa chache za kasi tu kumzidi. Unafungua au unafunga? Nimecheza magemu mengi tangu wakati huo, na bado sijaona uamuzi mdogo kama huo unaokaza tumbo kiasi hicho.

Kuna siku nilipigwa risasi kwenye tangi la oili. Kioo cha mbele kikachafuka chote, madoa meusi, sioni kitu mbele. Nikageuza kichwa, nikawa natazama kwa kioo cha pembeni, nikaufuata mto hadi uwanjani. Injini ilizimika nikiwa juu ya miti. Nilitua kwa tumbo, propela ikapinda, lakini rubani akatoka mzima. Hakuna aliyenipa pointi wala nyota, na nilikaa pale mikono inatetemeka kwa furaha.

Sasa tuje kwenye Il-2 yenyewe. Sehemu yote ya mbele, injini na rubani, imekaa ndani ya boksi la chuma kigumu, na boksi hilo ndilo mwili wa ndege, halikubandikwa juu yake. Zilitengenezwa zaidi ya elfu 36. Mwaka 1941 Stalin, kiongozi wa Wasovieti, aliwapelekea wakubwa wa viwanda telegramu kali akiwaambia jeshi linaihitaji Il-2 kama hewa, kama mkate. Kwenye gemu mnaanza kuelewa kwa nini. Angalieni: msafara wa malori na vifaru, barabara ya vumbi. Ninashuka chini, mita hamsini, roketi kwanza, halafu mizinga miwili ya milimita 23. Risasi kutoka chini zinagonga, mnasikia ile ngo, ngo, ngo ya chuma? Ndege nyingine ingekuwa imeshawaka. Hii inatikisika tu na kuendelea.

Lakini sogea kiti cha nyuma, kwa mpiga risasi. Matoleo ya kwanza ya ndege hii yalikuwa na mtu mmoja tu, na ndege za adui zikawa zinayavizia kwa nyuma. Wakaongeza mtu wa pili na bunduki ya milimita 12.7, ila lile boksi la chuma halikumfikia. Rubani alikuwa ndani ya chuma, mwenzake nje. Gemu linakuruhusu kukaa pale, na ukikaa unaona mgongo wako ulivyo wazi. Mimi nikikaa pale siwezi kucheza kwa mzaha.

Jingine la kujaribu ni P-39 Airacobra. Ni ndege ya Marekani, lakini Wasovieti ndio walioipenda, na Aleksandr Pokryshkin, mmoja wa marubani wao wakubwa kabisa, aliirusha. Injini iko nyuma ya rubani, mzinga wa milimita 37 unapiga kupitia katikati ya propela. Uzito ukiwa nyuma namna hiyo, ukivuta kona kwa nguvu huku mwendo ni mdogo, inakuponyoka na kuzunguka kama pia. Ndege halisi ilijulikana kwa tabia hiyo, na kwenye gemu imo vilevile.

Kasoro? Zipo, na nazisema waziwazi. Misitu ukiikaribia ni karatasi zilizopangwa juu kwa juu. Ndege za kompyuta zina macho ya ajabu, zinakuona hata ukiwa nyuma ya mawingu. Kampeni zina maelezo makavu. Na ule mwaka 1946 wa kubuni, ambao ndani yake vita bado havijaisha, wenye ndege za Kijerumani ambazo hazikuwahi kujengwa kama Lerche, mimi sikuupenda. Narudi kwenye mapigano ya kweli ya Stalingrad na Kursk kila mara. Zamani pia ulikuwa unaweza kugeuza kichwa tu, bila kukisogeza. Hilo lilirekebishwa na Team Daidalos, wapenzi wa gemu waliokabidhiwa kazi ya kulitengeneza na wakaendelea nalo miaka mingi. Watu hao wana shukrani zangu zote.

Mkitaka kulinunua, lipo Steam na GOG, maduka ya magemu ya mtandaoni, na linakwenda hata kwenye laptopu dhaifu. Mkilifungua mara ya kwanza picha itakuwa imebanwa kama ya televisheni ya zamani. Msikate tamaa. Ingieni kwenye folda ya gemu, fungueni faili linaloitwa conf.ini, tafuteni sehemu ya window. Kwenye width wekeni 1920, kwenye height 1080, au vipimo vya skrini yenu, na SaveAspect iwe 0. Hifadhini, fungueni upya. Na tafadhali tafuteni joistiki, ile fimbo ya kuongozea ndege, hata ya mtumba. Kwa kibodi mtaichukia bure ndege nzuri.

Je, linastahili muda wenu leo? Kwangu, ndiyo, bila kusita. Magemu mapya ya ndege ni mazuri kwa macho kuliko hili, na mengi yanakuuzia ndege moja moja. Hapa unapata zaidi ya mia mbili za kurusha kwa bei moja.

Anayeanza asichukue Bf 109. Chukua Hurricane, magurudumu yake yameachana, inasimama vizuri ardhini. Ni ndege ya Waingereza, nao walizipeleka karibu na Murmansk, kaskazini mwa Urusi, mwaka 1941, zikapigana kule kwenye baridi, kwa hiyo hauko nje ya historia. Washa ugumu wote isipokuwa kitu kimoja: acha risasi zisiishe. Usitafute adui. Ruka, zunguka uwanja, tua. Ukitua mara tatu mfululizo bila kuvunja kitu, njoo uniandikie hapa chini, uniambie ya tatu ulikuwa na kasi gani magurudumu yalipogusa.