Programu ya asili za majina ya mimea: uzoefu wangu

Programu hii ya simu ni kamusi ya majina ya kisayansi ya mimea, yale ya maneno mawili kama Oryza sativa. Unaandika jina, inalikata vipande, kisha inakuonyesha kila kipande kimetoka Kigiriki au Kilatini na kina maana gani. Nimekaa nayo vya kutosha kusema hivi: kwa neno la pili la jina sijapata kitu kinachoishinda, ila kwa neno la kwanza usiiamini moja kwa moja.

Nianze na neno la pili, maana hapo ndipo utamu ulipo. Neno hilo mara nyingi ni sifa ya mmea, na ukishazijua sifa chache unaanza kuzitambua kila mahali. Sativa ni kitu kinacholimwa, ndiyo maana mpunga ni Oryza sativa na kitunguu saumu ni Allium sativum. Esculenta ya muhogo ni kinacholika. Oleifera ya mlonge ni kinachotoa mafuta. Officinale ya tangawizi inatokana na officina, chumba ambamo dawa zilihifadhiwa na kutayarishwa. Kilichonifurahisha zaidi ni tikiti maji, Citrullus lanatus. Lanatus ni kilichojaa manyoya kama ya kondoo, na kila aliyewahi kushika tikiti atauliza manyoya yako wapi. Programu inakuelekeza uangalie vikonyo na majani machanga, na kweli, yapo.

Wakati mwingine hata neno la kwanza linafumbuliwa vizuri. Mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo, ni Ricinus communis, na ricinus kwa Kilatini ni kupe. Itazame mbegu yake, yale mabaka na kile kinundu cha mbele, utaona kupe aliyeshiba. Kakao nayo ni Theobroma, chakula cha miungu, kutoka theos na broma za Kigiriki. Alizeti ni Helianthus: helios ni jua, anthos ni ua.

Sehemu ya mazoezi inahusu viishio vya maneno, na nadhani msemaji wa Kiswahili ataipita haraka kuliko walivyotarajia walioitunga. Mnavu ni Solanum nigrum, lakini mforsadi mweusi ni Morus nigra. Sifa ni ileile, weusi, ila inafuata jinsia ya nomino. Sisi tunaosema mti mweusi, jani jeusi na mbegu nyeusi hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Mtego ni mmoja tu: Morus ina kiishio cha kiume, lakini Warumi waliihesabu miti mingi kuwa ya kike, kwa hiyo ni nigra, si niger. Programu inalieleza hilo kwa ufupi na kwa usahihi, jambo ambalo sikulitegemea.

Sasa kasoro. Walioiandaa wameshikilia kwamba kila jina lina mzizi wa Kigiriki au Kilatini, na pasipo na mzizi huo wanaandika tu “Kilatini” na kusonga mbele. Tamarindus wameiandika hivyo. Neno hilo limetoka Kiarabu, tamr hindi, yaani tende ya Kihindi. Ukiongeza indica, mkwaju unakuwa wa India mara mbili, na huku asili yake ni Afrika! Kisa kitamu kama hicho, na programu haina habari nacho. Mahindi ni Zea mays: zea ni Kigiriki, jina la nafaka nyingine kabisa, lakini mays ni ya Wataino wa visiwa vya Karibi. Adansonia ya mbuyu ni jina la mtu, Mfaransa Michel Adanson, aliyeuchunguza mti huo Senegal. Digitata inayofuata ndiyo Kilatini, na inasema majani yake yamegawanyika mithili ya vidole.

Majina ya mahali nayo yanatafsiriwa bila onyo lolote. Coffea arabica inaelezwa kuwa “ya Arabuni”, basi, wakati mbuni huo asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia. Scilla peruviana ni “ya Peru”, ingawa ua hilo ni la nchi zinazozunguka magharibi ya Mediterania. Jina linaonyesha alichoamini aliyelitoa, na mtumiaji mgeni angepaswa kuambiwa hivyo.

Historia imepewa ukurasa mmoja. Wanaeleza vizuri jinsi Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alivyoweka mfumo wa maneno mawili mwaka 1753, na wanatoa mfano wa Physalis angulata, ambayo kabla yake iliitwa kwa sentensi nzima ya Kilatini yenye matawi, pembe na meno ya majani ndani yake. Lakini wanadai kwamba spishi mpya lazima ielezwe kwa Kilatini. Sharti hilo liliisha; tangu 1 Januari 2012 maelezo yanaweza kuwa ya Kiingereza pia. Jina lenyewe tu ndilo bado linafuata sura ya Kilatini.

Sauti ya matamshi ndiyo iliyonichosha. Msomaji anatamka Kiingereza tupu: Aloe anaipa silabi mbili, wakati ni a-lo-e, vile vile ambavyo wewe ungeisoma bila kufundishwa. Ukikumbuka tu kwamba ch ya Kigiriki husomwa karibu na k, kama katika Chrysanthemum, irabu zako za Kiswahili zitakufikisha mbali kuliko yeye.

Kutafuta maneno ni bure. Malipo yanafungua mazoezi na sauti pamoja, huwezi kuchagua kimoja. Mimi nalipia kwa ajili ya mazoezi, na sauti nimeizima.