Risasi za .338-06 za kutengenezewa na fundi: maoni yangu baada ya misimu miwili

Wakuu, hili nimekaa nalo muda mrefu nikaona niandike tu, maana huku Idaho, Marekani, ndugu zetu wengi, Wakongo wa mji wa Boise na sie wachache tuliotoka Arusha, wameanza kupenda uwindaji na kila mtu anauliza achukue bunduki gani ya elki, yule kulungu mkubwa wa milimani ambaye dume lake linafika kilo 300 na kupita. Mimi natumia bunduki ya risasi za .338-06 na nimeshapiga kama risasi 120, kwa hiyo nayoongea nimeyaona kwa macho.

Hizi ni risasi za ukoo ambao Wamarekani wanauita paka mwitu, yaani haikuzaliwa kiwandani, ni fundi alikaa na ganda la risasi nyingine akaipanua au kuibana shingo akaweka kichwa (kile kipande kinachoruka) cha saizi anayoitaka yeye. Mama wa hii yangu ni .30-06, ile ya jeshi la Marekani ya mwaka 1906 yenye kichwa cha upana wa milimita 7.8. Ganda ni lile lile ila shingo inapanuliwa mpaka ipokee kichwa cha milimita 8.6 (ndo hiyo .338 ya inchi), basi, bega, yaani ule mteremko kati ya mwili wa ganda na shingo, linabaki na nyuzi zake 17 na nusu halisogezwi, na hapo ndo uzuri wake ulipo kwa sababu zipo paka mwitu nyingine zinabadilishwa bega hadi nyuzi 40, hizo inabidi upige ganda mara ya kwanza kwenye bunduki yako ndo likae umbo lake sawasawa, gharama juu ya gharama.

Wazo lenyewe la zamani. Mwaka 1922 kule Frankford Arsenal, kiwanda cha risasi cha jeshi huko Philadelphia, alipokuwa ofisa wa jeshi Townsend Whelen na fundi James Howe, ikatoka .35 Whelen kwa ganda hilo hilo, ikaishi mikononi mwa mafundi miaka zaidi ya 60 mpaka kampuni ya bunduki ya Remington wakaichukua 1988. Alafu Elmer Keith, mwandishi maarufu wa mambo ya bunduki aliyeishi mji wa Salmon hapa hapa Idaho, yeye na wenzake O'Neil na Hopkins wakaja na .333 OKH, nzuri sana ila vichwa vyake vilikuwa vya Kiingereza na vilikuwa shida kupatikana. Kampuni ya Winchester walipotoa .338 Magnum, yenye ganda kubwa na nguvu zaidi, mwaka 1958 vichwa vya .338 vikajaa madukani, mafundi wakahamia huko na .338-06 ikanyanyuka. Kampuni ya A-Square ikaisajilisha rasmi 1998, kwa hiyo kwenye makaratasi sio paka mwitu tena, ila zunguka maduka yote ya mji wako uulizie boksi, utarudi mikono mitupu.

Kwa mliokulia karibu na kambi za uwindaji Tanzania, ifikirie kama jirani wa 9.3x62, ile aliyoitengeneza Otto Bock wa Berlin mwaka 1905 akiwafikiria walowezi na wawindaji wa Kizungu waliokuwa Afrika. Kichwa kizito, mwendo wa wastani, nyama haiharibiki ovyo. Nyati usimfuate nayo, huyo ni wa .375 kwenda juu, ila kwa elki sijaona sababu ya kutaka kingine.

Nilichokipendea ni kwamba raifo yangu ya zamani ya .30-06 nilibadilisha mtutu tu. Bolti ile ile, magazini ile ile na bado inabeba risasi zaidi kuliko ndugu zake wa Magnum. Teke lipo, bega langu linalihisi, ila sio lile la .338 Magnum linalomfanya mtu afumbe macho kabla hajavuta, na mtu anayefumba macho anajeruhi mnyama, hilo kwangu ni kubwa kuliko namba zote za kwenye karatasi.

Sasa huduma, maana hapa ndo watu wanalia. Sehemu ya kwanza niliyoagiza walinitumia risasi 40, boksi halina maandishi ya maana, na risasi 6 hazikuingia kwenye chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, bolti inagoma kufunga. Nilikuwa nimeshalipa, nimeshaomba likizo, wiki moja kabla ya msimu. Niliumia sana jamani. Hawakuwahi kuniuliza chochote kuhusu bunduki yangu, walitengeneza kwa kukadiria.

Fundi wa pili, mzee mmoja mwenye karakana nyuma ya nyumba yake, kabla ya hela aliniomba kwanza maganda 3 niliyoyapiga kwa bunduki yangu mwenyewe. Akayapima bega, akapima chemba, akaniambia subiri wiki tatu. Kila ganda alilipima urefu baada ya kupanua shingo kwa sababu shingo ikipanuka ganda linafupika kidogo, akaweka kichwa cha Nosler Partition cha greni 210 (kama gramu 14), ile aina ambayo John Nosler aliibuni baada ya risasi yake kumshinda kwa musi, kulungu mkubwa kuliko elki, kule Kanada mwaka 1946. Mwendo wake ni kama futi 2,700 kwa sekunde. Zote 60 ziliingia na kutoka laini kama siagi. Kwenye mita 100 risasi tatu zinakaa ndani ya inchi moja na robo, na Oktoba dume langu nililipiga mita 170, likatembea hatua chache likalala, kichwa cha risasi tukakikuta chini ya ngozi upande wa pili kimefunguka vizuri kabisa.

Kitu kimoja tafadhali msikipuuze. Ganda likitokana na .30-06, matakoni kwake bado limeandikwa .30-06. Na .30-06 ya kawaida inaweza kuingia kwenye chemba ya .338-06, kichwa chake kikapita kwenye mtutu kimelegea, ni hatari. Mwanao au rafiki akichanganya maboksi ni balaa. Mzee alinipakia kwenye maboksi mekundu yenye jina la kaliba kwa herufi kubwa, na mimi nyumbani nimeondoa .30-06 zote, hata moja sina. Ukiweza lipa zaidi upate maganda yaliyogongwa .338-06 tangu mwanzo, mimi oda ijayo nataka hayo.

Kama unapiga mara moja kwa mwaka na hutaki kumtegemea mtu, chukua .30-06 ya dukani na vichwa vizuri, elki utapata bila shida. Hii ni ya mtu aliye tayari kuagiza Machi kwa ajili ya Oktoba na kutunza maganda yake kila anapopiga. Mimi yangu naokota yote, hata kwenye theluji napiga magoti natafuta, juzi nimempelekea mzee 54 kati ya zile 60 azijaze tena.