Boksi la fyuzi njia 12 kwa gari la kambi: boksi safi, fyuzi zake tupa

Nimelifunga kwenye Land Cruiser yenye hema juu, ndani kuna friji, taa za LED, pampu ya maji na soketi za kuchajia simu, vyote volti 12. Nimelinunua Arusha elfu 45. Lina baa ya negativu (pa kufungia waya zote za negativu) hapohapo ubavuni kwa hiyo huhangaiki kutafuta bodi ya gari kila ukiongeza waya. Kava linabana ila vumbi linapita, usilifunge karibu na mlango wa nyuma. Nilichopenda zaidi ni vile vitaa vyekundu, fyuzi ikikatika kitaa cha njia hiyo kinawaka, basi usiku saa nane friji imezima hukai na tochi mdomoni unachomoa fyuzi moja moja kama unang'oa meno.

Sasa zile fyuzi za bure zinazokuja nalo, hapo ndo wameharibu. Nilichukua moja ya kahawia, ampea 7.5, nikaiunganishia balbu 4 za taa kubwa za wati 55, hapo unavuta kama ampea 18, fyuzi ya kweli inatakiwa ikatike ndani ya sekunde 5. Hii ikatulia tu balbu zinawaka, baadaye plastiki ikaanza kulainika na kunuka. Nyingine niliyonunua duka la spea ikakatika hata sijahesabu mpaka tatu. Maana yake ukiwa porini na hizi za bure, waya wako ndo utageuka fyuzi.

Na jamani fyuzi inalinda waya, sio friji!! Mafundi wetu wanapenda kusema weka ya 30 haitakusumbua tena, weee, waya wa 1.5 (unene wa milimita za mraba) ukiupa ile ya kijani ya ampea 30 utaungua fyuzi ikiwa nzima kabisa. Gawa wati kwa volti tu, friji ya wati 60 inakula ampea 5 hivi, nimeiwekea waya wa 2.5 na fyuzi nyekundu ya 10, imetosha.

Kingine, fyuzi kuu haimo, hiyo ununue mwenyewe, maana ule waya mnene unaotoka betri ya pili (ile ya vifaa vya kambi) kuja kwenye boksi ukisuguliwa na bodi ukachubuka, hakuna cha kuuzima. Ifunge karibu na terminali ya pozitivu kadiri inavyowezekana. Kama betri ni lithiamu usibane hela hapo, shoti yake inafika maelfu ya ampea na fyuzi dhaifu inapasuka huku umeme unaendelea kuruka. Watu wanadharau volti 12 eti hairushi mtu, haya, spana ilalie vichwa viwili vya betri uone inavyokuwa nyekundu.

Inveta (ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya wati 1000 usiipitishe humu kabisa, inavuta zaidi ya ampea 80 na kila njia mwisho 30. Halafu ukitoka njia ya Ngorongoro kwenda Serengeti na ule mtetemeko wake kaza nati zote upya, nati ikilegea terminali inapata moto hata fyuzi ikiwa sahihi.

Boksi nyota 4, fyuzi zake sifuri. Lipo na dogo la njia 6, achana nalo, ukiweka friji, taa, pampu na soketi mbili imebaki njia moja tu.