Kupimwa misuli ya ndani ya shingo kwa ultrasaundi: huduma ya kliniki moja ya fiziotherapia
Sifa kubwa ya huduma hii, niliyoipata kwa sababu ya maumivu sugu ya shingo, ni kwamba mtaalamu haishii kubonyeza kwa vidole, kwa kuwa longasi koli, msuli mwembamba ulioshikamana na pingili za shingo kwa mbele, nyuma ya koo, si rahisi kufikiwa kwa mkono. Unalala chali, unapakwa jeli ya baridi, kisha kifaa cha kupimia kinawekwa kando ya koromeo. Kwenye skrini ateri ya karotidi, mshipa mkubwa wa damu wa shingoni, huonekana kama duara jeusi linalodunda, na msuli wenyewe uko nyuma yake, kuelekea katikati. Mtaalamu aliupima unene nikiwa nimetulia, halafu akaniagiza nivute kidevu taratibu kana kwamba naitikia "ndiyo", akaupima tena. Kuuona ukinenepa kulinielewesha zoezi ambalo maelezo matupu yalishindwa kunielewesha.

Hakuna mionzi, na matokeo huonekana papo hapo. Kasoro yake ni kwamba kipimo hutegemea mno mkono wa mpimaji, maana kukandamiza kidogo tu huibana misuli na kupunguza milimita ambazo zenyewe ni chache. Niliporudi nilipimwa na mtu mwingine, wala hapakuwa na kumbukumbu ya mahali wala pembe iliyotumika awali, hivyo sioni namna ya kulinganisha tarakimu hizo. Anayekwenda aombe mpimaji yuleyule, na avae nguo isiyo na kola.