Walimzamisha ndugu yangu hewani

Nilidhani nimeshatulia. Juzi nikaisikia tena sauti ya yule mtangazaji kwenye redio ya jirani, nikajua moyo bado unawaka.

Ilikuwa msimu wa kusi, bahari imechafuka. Saa moja asubuhi mama anakanda unga wa mahamri uani, redio iko dirishani. Ikatangazwa kuwa boti iitwayo Tawakal imepinduka upande wa Kiwayu na nahodha hajulikani alipo. Wakamtaja ndugu yangu, jina lake na la baba. Mama hakupiga yowe. Aliketi chini, unga umemjaa hadi viwikoni, akawa anasoma Inna lillahi bila kukoma. Haikupita nusu saa, wanawake wa Langoni wamejaa nyumba nzima. Saa tatu ndugu yangu akaingia na mtungo wa tasi mkononi, akauliza nani amefariki.

Tawakal ni nyingi Lamu, kila gati ina yake. Iliyopinduka ilikuwa ya watu wengine. Wangempigia simu mtu mmoja tu wa gatini, mama yangu asingeketi chini vile.

Nikavuka hadi Mokowe, nikapanda basi mpaka mji kilipo kituo hicho cha redio. Kijana wa mapokezi hakuinua macho kwenye simu yake. Nikamwambia nimekuja kulalamika. Akaniuliza, "Mama, kwani wewe ndiye uliyezama?" Akacheka. Na mwenzake akacheka. Mpaka leo sijayameza maneno yale. Nilikaa kwenye benchi, adhuhuri ikanikuta pale, nikaswali pembeni mwa ndoo za kupigia deki. Mhariri alipotoka akasema, "Shangazi, tutarekebisha." Wakarekebisha saa tano usiku, sentensi moja, jina la ndugu yangu hawakulitaja. Uongo saa moja asubuhi watu wote wako macho, ukweli saa tano usiku watu wamelala!

Mpwa wangu anasoma sheria, ndiye aliyenifungua macho. Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa habari ya uongo au ya kupotosha inayomgusa. Kila kituo chenye leseni ya utangazaji sharti kiwe na utaratibu wa kupokea malalamiko. Kile kijana cha mapokezi hakijawahi kuusikia. Ukikwama kituoni, unakwenda Mamlaka ya Mawasiliano, wanaotoa leseni hizo. Na iko Tume ya Malalamiko, chini ya Baraza la Vyombo vya Habari, kwa sheria ya 2013: gazeti, redio, televisheni, zote zinashtakiwa huko. Hata asiyejua kuandika anaweza kulalamika kwa mdomo. Tume inaweza kuamuru masahihisho na kuombwa radhi, na faini isiyozidi shilingi 500,000 kwa kampuni na 100,000 kwa mwandishi.

Tukaiandikia Tume barua: saa ya habari, maneno yaliyosemwa, waliyotufanyia, na tunachotaka. Nami nikataka kitu kimoja, isomwe saa ile ile ya asubuhi. Nakala tukawapelekea kituo.

Basi simu ikalia upesi, hata sikuamini. Wiki hiyo hiyo, saa moja asubuhi, wakasoma jina kamili la ndugu yangu, wakasema yu hai, wakaomba radhi. Mama alikuwa ameipakata redio, ameinamisha kichwa, hata chai hakuigusa.

Kwa hiyo njia ipo na inafanya kazi, lalamikeni, msiogope. Hivyo ndivyo nilivyotaka kuandika. Lakini nikikumbuka, hasira inapanda: kwa nini iwe lazima barua yenye vifungu ndipo mtu atendewe utu? Mimi nina mpwa. Mjane wa Kizingitini asiye na mpwa, anayechekwa mlangoni akageuza njia akarudi kwao, njia hiyo ina faida gani kwake? Wallahi siijui. Mwambieni tu kwamba kwa mdomo pia inapokelewa, apite juu ya wale wa mlangoni.

Mhariri alinipigia baada ya tangazo. "Shangazi, si tumemaliza?" Nikamuuliza, na yule kijana wa mapokezi? Akanyamaza.

Barua sijaiondoa.