Msimu mzima nyuma ya goli: uzoefu wangu na tiketi ya Parramatta Eels, 2024

Nianze na hukumu, maana wengine hamna muda wa kusoma hadi chini: tiketi ya msimu ya raga ya ligi hapa Sydney, kiti cha bei ya chini nyuma ya goli, ilinifaa na pesa yangu siililii. Timu yenyewe ilimaliza nafasi ya 15 kati ya timu 17. Nayasema yote mawili kwa pamoja bila haya.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Granville, magharibi ya Sydney. Ukipanda treni pale unapita Harris Park tu, kinachofuata ni Parramatta. Nilishazoea kuona behewa limejaa watu wa jezi za bluu na manjano nikirudi kazini, nami nasogea wapite, basi. Mwanangu wa miaka tisa ndiye aliyenitia kwenye mambo haya. Alirudi shule siku moja akauliza, "Baba, sisi timu gani?" Shuleni kwao kutokuwa na timu ni kama kukaa Kariakoo ukasema wewe si Simba wala si Yanga. Watu wanakutazama mara mbili.

Nikauliza kazini. Wote wakanipa jibu moja: Penrith. Nusu saa hivi kwa treni kutoka Parramatta, na walikuwa mabingwa wa 2021, 2022 na 2023. Ushauri haukuwa mbaya. Oktoba 2024 waliifunga Melbourne Storm 14–6 kwenye fainali wakachukua la nne mfululizo. Mwenye akili zake angepanda treni ya Penrith. Mimi nikasoma kwamba Parramatta mara ya mwisho kuchukua ubingwa ni 1986, moyo ukashtuka. Nikampigia mjomba Tanga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mwanangu hajambo?"

"Hajambo. Mjomba, nataka kununua tiketi ya msimu mzima, timu ya raga ya hapa jirani. Wanaitwa mikunga."

"Wakunga? Timu ya wazalishaji?"

"Mikunga, mjomba. Yule samaki kama nyoka. Hawajachukua kombe tangu 1986."

Akanyamaza. Mjomba ni Coastal Union wa damu, Wagosi wa Kaya, na ubingwa wetu ni wa 1988. Mpaka leo anausimulia kana kwamba Mkwakwani bado pana vumbi la siku ile. "Sisi themanini na nane," akasema. "Hao ni ndugu zetu. Lipa."

Nikalipa, kwa awamu. Viti viwili, changu na cha mtoto. Ukigawanya, kila mechi changu kilinitoka chini ya dola 30, cha mtoto pungufu zaidi. Unachopata ni kiti kile kile kila mechi inayochezwa Parramatta. Soma vizuri hapo: inayochezwa Parramatta. Mechi moja ya nyumbani ilichezwa Darwin, kaskazini kabisa ya nchi, safari ya ndege ya saa kadhaa. Jambo hilo hutangazwa mapema, mimi ndiye nisiyesoma. Nayo tulifungwa 44–16 na Dolphins, kwa hiyo nauli ilibaki mfukoni na sikukosa kitu.

Siku ya kwanza, Machi, dhidi ya Bulldogs, nilikwama getini. Siku hizi hakuna karatasi, tiketi iko kwenye simu, na programu ile ilinitoa nje nikiwa mtu wa tatu kwenye foleni. Ikataka nywila, nikaingiza, ikasema nimekosea. Mtoto ananivuta mkono, ndani watu wanapiga kelele, na mimi naandika jina la barua pepe kwa kidole chenye jasho. Tulikosa dakika za mwanzo. Tangu siku hiyo napiga picha ya skrini nikiwa bado nyumbani, na ninakushauri ufanye hivyo hata kama hawakukuambia. Mechi tulishinda 26–8. Nikarudi nyumbani nikijua nimechagua vizuri. Hao Bulldogs walimaliza msimu nafasi ya 6.

Uwanja wenyewe unaitwa CommBank Stadium, ulifunguliwa 2019, unachukua watu 30,000. Majukwaa yake yameinuka kama ngazi ya mnazi. Ukikaa juu unaona kichwa cha aliye mbele yako kiko usawa wa magoti yako. Maana yake hakuna mtu anayekuziba. Maana yake pia, ukibeba chipsi mbili na soda unapanda kwa dua.

Sasa kiti cha nyuma ya goli. Watu wanakionea. Wanasema lipia katikati, upande wa mstari wa kati, uone kama televisheni inavyoona. Mimi nasema hapana, na sababu yangu ni hii.

Raga ya ligi si ile ya Shujaa wa Kenya wala ya Safari Sevens. Wachezaji ni 13 kila upande, dakika 80, na hakuna lainauti, ile mistari miwili ya kugombea mpira unaorushwa kutoka nje. Uti wa mgongo wa mchezo ni hesabu ya sita. Timu yenye mpira inaruhusiwa kuangushwa mara sita. Ukiangushwa, unasimama, unausukuma mpira nyuma kwa mguu, mwenzako anaokota, mnaanza tena. Ukiangushwa mara ya sita mpira si wako. Kwa hiyo baada ya mara ya tano karibu kila timu inapiga teke, ama mbali, ama juu mbinguni. Ukikaa pembeni unaona mpira unakwenda mbele na kurudi nyuma, mbele na nyuma, kama msumeno, na mgeni anachoka haraka. Ukikaa nyuma ya goli unaona ukuta. Wachezaji 13 wamejipanga mbele yako kutoka pembe hadi pembe, na unaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu. Ya tatu ikifika unaona mtu mmoja wa upande wa kushoto ameegemea ndani kidogo, hatua moja tu, na nyuma yake pengo linafunguka. Wewe umeliona kabla ya mwenye mpira. Uwanja mzima upande wetu unaguna "aah" kwa pamoja kabla pasi haijapigwa. Nilipoguna na mimi kwa mara ya kwanza bila kuambiwa, mwanangu alinitazama akacheka.

Kuna sauti pia. Kwenye televisheni kukabana ni kitu kimya. Kwenye safu ya chini, mafowadi wawili wa zaidi ya kilo 100 wakigongana mita kumi kutoka ulipo, unasikia kama gunia la mchele limeshushwa kutoka juu ya lori. Kisha unasikia pumzi. Julai usiku, baridi ya huku, migongo yao inatoa mvuke kama chungu kilichofunuliwa.

Alama ni rahisi: trai moja, yaani kuugusisha mpira ardhini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani, pointi 4, mkwaju wa nyongeza 2, penalti 2, na kuna teke la kudondosha mpira ambalo kwa kawaida ni pointi 1. Zote nyingine zinagawanyika kwa mbili. Kwa hiyo ukiona timu imemaliza na namba kama 17, jua kuna mtu alidondosha mpira akapiga teke, na kuna mtu upande wa pili aliyerudi nyumbani hali chakula.

Hao walikuwa sisi. Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili, dhidi ya Wests Tigers. Ilikuwa Ramadhani, mimi nimefunga, mechi saa kumi alasiri, kuzama kwa jua saa moja kasoro dakika kumi. Nilikuwa na tende sita kwenye mfuko wa koti. Kushoto kwangu familia ya Kisamoa, bibi, watoto, wajukuu, wana kuku wa kukaanga wa kulisha kijiji. Bibi akanisogezea sahani, nikamwambia nimefunga, akafunika kuku kwa jezi yake mpaka mechi ikaisha. Sikumwomba. Tukafungwa 17–16. Nilikaa pale kitini, koo kavu, kichwa kinaniuma, mtoto analia, na futari bado karibu saa nzima. Nimewahi kufunga siku ngumu, ile imo kwenye tatu za juu.

Kulia kwangu alikaa mzee mmoja ambaye tiketi yake ni ya miaka mingi kuliko umri wangu. Yeye ndiye aliyenifundisha hesabu ya sita, kwa kunigonga goti kila mtu alipoangushwa. Alikuwapo 1981, Parramatta ilipochukua ubingwa kwa mara ya kwanza tangu iingie ligini 1947, na mashabiki usiku ule wakaliteketeza kwa moto jukwaa la uwanja wao wenyewe, Cumberland Oval, hapo hapo jirani. Wao wenyewe, kwa furaha! Nilimuuliza kama naye alishika kiberiti, akaangalia pembeni. Baada ya hapo wakachukua 1982, 1983, na ile ya 1986 dhidi ya Canterbury, 4–2, fainali ambayo hakuna aliyefunga trai hata moja. Anaisimulia kana kwamba ilikuwa 40–0.

Huyo mzee alinieleza pia kwa nini mji mmoja una timu nyingi kiasi hiki. Ligi ilianza hapa Sydney 1908 na timu 9, nane za mitaa ya mji na moja ya Newcastle, baada ya wachezaji kuchoka kuvunjika mifupa bila fidia wakati viingilio vinakwenda kwa wengine. Yaani ni ligi iliyozaliwa na madai ya mishahara. Leo inafika Melbourne, Brisbane mpaka Auckland, lakini timu 9 kati ya 17 bado ni za Sydney, ingawa moja wanagawana na watu wa Wollongong. Ndiyo maana mechi ya ugenini mara nyingi ni nauli ya treni tu.

Chakula cha uwanjani sina la kusifu. Pai ya nyama ina moto wa kuunguza ulimi na ubaridi katikati, na kibanda kimoja kiliniuzia chipsi ambazo zilikuwa na historia ndefu. Kula Church Street kabla ya kuingia. Matusi yapo, hasa kwa refa, lakini nilichokiona ni kwamba mtu akigeuka akaona mtoto nyuma yake anapunguza. Na ule wimbo wao ni rahisi kuliko wimbo wowote: unaita "Pa-rra-ma-tta", unapiga makofi matatu, unarudia mpaka sauti ikatike.

Timu? Mitchell Moses, ambaye ndiye ubongo wa timu, aliumia mguu Machi, na bila yeye tulikuwa daladala isiyo na dereva. Mei klabu ikaachana na kocha Brad Arthur, aliyekaa miaka kumi na kuifikisha fainali ya 2022. Moses akarudi, akaitwa timu ya jimbo la New South Wales, akafunga trai kwenye mechi ya tatu kule Brisbane walipochukua mfululizo wa Origin, zile mechi tatu za kila mwaka dhidi ya jimbo la Queensland, na mechi hiyo hiyo akachanika msuli wa mkono, msimu wake ukaishia hapo. Nilishangilia na kuomboleza mchezaji yule yule usiku mmoja.

Ilipofika Septemba hatukuwa tukiwania kombe wala nane bora. Tulikuwa tunakimbia mwiko. Huku timu inayoshika mkia inasemwa imepewa kijiko cha mbao; hakuna kijiko chochote kinachotolewa, ni maneno tu, lakini mashabiki wa timu nyingine wanabeba miiko ya kweli kutoka majikoni kwao wakupungie. Na mechi ya mwisho ilikuwa ni sisi na Tigers, wao kwao, Campbelltown, Ijumaa jioni. Atakayefungwa ndiye wa mwisho. Tiketi ya msimu haiifikii hiyo, nikalipa tena, karibu saa nzima ya treni na mtoto amelala begani.

Tukashinda 60–26. Sitini! Timu ambayo msimu mzima ilikuwa inafunga kwa kubahatisha ilifunga usiku ule kama inaokota embe. Mwanangu aliamka sawasawa kuanzia trai ya pili, akapoteza sauti, na akarudi na mwiko aliopewa na mtu asiyemjua.

Asubuhi mjomba akapiga mwenyewe.

"Eti jana mmeshinda? Mmechukua kombe?"

"Hapana mjomba. Tumeukwepa mwiko tu."

"Na mwiko kaondoka nao nani?"

"Jirani zetu, Tigers. Mwaka wa tatu mfululizo."

Akafikiri. "Miiko mitatu," akasema. "Basi hao wana shughuli kubwa. Umelipia ya mwakani?"

"Nimelipia tayari, mjomba."